Moto wa Pili Hauondoi Sumu ya Wali Uliolala

(Mazungumzo na makatibu na wanachama kuhusu maandalizi ya chakula cha mikutano mikuu)



Kila unapokaribia mkutano mkuu wa mwaka, chama cha msingi hutayarisha ajenda, hesabu na chakula cha wajumbe. Leo naomba tukizungumzie chakula, kwani uzembe jikoni waweza kuwalaza wajumbe wote kwa siku moja.

Wengi wetu hupika wali usiku, tukaufunika sufuriani hadi asubuhi, kisha tukaupasha moto. Tunaamini kwamba moto huua kila kijidudu. Imani hiyo ina kasoro. Katika mchele mara nyingi wamo bakteria waitwao Bacillus cereus, watokao udongoni. Wao hujifungia ndani ya ganda gumu liwezalo kustahimili maji yachemkayo. Wali ukiachwa uvuguvugu, hutoka gandani, huzaliana na kutoa sumu. Sumu ile ya kutapisha haiharibiwi kwa kupasha moto, na wali wenyewe waweza kunukia vizuri kama kawaida.

Ushahidi upo. Kuanzia mwaka 1971 nchini Uingereza, watu waliugua baada ya kula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina. Ilibainika kuwa wali ulichemshwa mapema, ukaachwa nje ya jokofu ili usigandamane, kisha ukakaangwa haraka. Walaji walitapika katika muda wa saa 1 hadi 6.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, wali upikwe siku ile ile ya mkutano. Pili, ukae moto, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, mpaka upakuliwe. Tatu, penye jokofu, masazo yatandazwe kwenye masinia yapoe upesi, yahifadhiwe kabla ya saa 2 kupita. Nne, pasipo jokofu, mchele upimwe kulingana na idadi ya walaji. Kutupa chakula ni uchungu. Heri kupika cha kutosha tu kuliko kulaza cha ziada. Tambi na viazi vilivyopikwa navyo viangaliwe hivyo hivyo.

Atakayetapika au kuharisha anyweshwe maji ya dawa ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Mtoto mchanga, au yeyote anayezidi kulegea, apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Ndugu zangu, mjumbe aliyekuja kujadili bei ya mazao yake arudi kwake akiwa mzima.