Akiba Iliyo Chini ya Udongo



Maneno yangu ya leo ni juu ya maua ambayo hayataki bustani kubwa wala fedha nyingi. Ni maua ya mimea iliyo na kitunguu au kiazi chini ya ardhi, pamoja na mmea mmoja mdogo wa kivuli cha msitu. Mimea mitatu nitakayoieleza ni ya nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, nayo yaweza kukaa vizuri mbele ya nyumba ya mtu ye yote mwenye udongo wa hatua mbili tatu na subira kidogo.

Hapana shaka wengi wenu mmeliona jambo hili. Kiangazi kimekuwa kirefu, ardhi imepasuka, nyasi zimekuwa makapi. Mvua yanyesha mara mbili au tatu, na baada ya siku chache, chini ya mti, mahali palipokuwa patupu kabisa, latoka ua jekundu la mviringo kama mpira, juu ya bua nene, wala hata jani moja halijakunjuka. Watu hustaajabu wakauliza: Mmea huu umepata wapi nguvu ya kutoa ua upesi hivi, nao haukunywa maji kwa miezi mingi? Jibu lake ni hili: nguvu hiyo haukuipata leo. Uliipata katika mvua zilizopita, ukaiweka.

Chukueni kitunguu cha jikoni mkikate katikati. Mtaona magamba manene yaliyofungana, moja ndani ya jingine. Kila gamba ni tako la jani lililojazwa chakula. Hivyo ndivyo vilivyo na vitunguu vya maua, ingawa havifai kuliwa. Majani yakiwa juu katika jua hutengeneza chakula, na chakula hicho hushuka chini kikawekwa ghalani. Mvua zikiisha, majani hukauka na kufa, lakini ghala imejaa, na katikati yake kitoto cha ua la msimu ujao huwa kimekwisha kuanza kuumbwa. Wazee walisema, akiba haiozi. Mmea huu waishi kwa mithali hiyo.

Huko Ulaya jambo hili huonekana wazi sana. Katika miezi ya baridi miti mingi ya misitu ya Uingereza hupukutisha majani yake yote, na ardhi hulala chini ya jalidi au theluji. Mwezi wa Machi na wa Aprili jua huanza kupata nguvu, na miti bado ni mitupu, basi mwanga hufika mpaka chini. Mimea midogo ya vitunguu huuwahi mwanga huo. Hutoa maua na majani, hujaza ghala zake, na miti inapofunga kivuli, kazi yake yakaribia kwisha. Adui ya mimea hiyo ni baridi na giza. Adui ya mimea yetu ni ukame. Lakini hila ni moja: kuweka akiba mapema, kisha kulala na kungoja.

Katika maua hayo ya Ulaya, lenye sifa kubwa ni tulipu. Asili yake ni Asia ya Kati. Likapendwa sana Uturuki, kisha likapelekwa magharibi. Mtaalamu Carolus Clusius alifika Leiden, katika Uholanzi, mwaka 1593, akalipanda katika bustani ya chuo kikuu cha mji huo. Waholanzi walilipenda kupita kiasi, hata ikawa kitunguu kimoja cha aina adimu huuzwa kwa fedha ambazo fundi asingezipata kwa kazi ya mwaka mzima. Mwezi wa Februari 1637 bei ikaanguka ghafula, na walionunua kwa tamaa wakabaki na vitunguu mikononi. Msiihusudu tulipu. Kitunguu chake hutaka majuma kumi na mawili au zaidi ya baridi kali kabla ya kutoa ua vizuri. Mtu akikipanda Mombasa au Dar es Salaam atapata majani dhaifu tu, na pengine hata hayo asiyapate. Ni afadhali tutazame yale yaliyozaliwa kwetu.

La kwanza ni lile ua jekundu la mpira nililolitaja. Kila kabila lina jina lake. Wataalamu huliita Scadoxus. Mpira wake si ua moja, bali ni kusanyiko la maua madogo, nayo yaweza kufika mia mbili juu ya bua moja. Lapenda kivuli chepesi chini ya mti. Kitunguu chake kipandwe wakati wa kiangazi, kinapolala, shingo yake ikiwa sawasawa na uso wa ardhi. Baadaye kisisumbuliwe; vitunguu vikisongamana hutoa maua vizuri kuliko vikichimbuliwa mara kwa mara. Maua yakiisha, huja tunda dogo jekundu. Menyeni nyama ya tunda hilo, mbegu ibonyezwe juu ya udongo laini kivulini, na baada ya miaka kadhaa itatoa ua.

La pili ni ua litambaalo liitwalo Gloriosa, ambalo huonekana porini toka pwani mpaka bara. Lina majani yenye ncha iliyojisokota kama mkia wa kinyonga, na kwa ncha hizo hushika ua wa nyumba au kichaka likapanda. Petali zake sita zimepinda nyuma kama ndimi za moto, za manjano na nyekundu. Ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Na mwaka 1947 watoto wa shule wa nchi hiyo, iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kusini, walimtunukia Binti Mfalme Elizabeth bizimu ya almasi yenye sura ya ua hilo. Kiazi chake ni kirefu kama kidole, nacho huvunjika upesi. Chipukizi hutoka nchani tu, kwa hiyo ncha ikivunjika, kipande hicho hakitaota. Kilazwe ubavu, kina cha vidole vinne hivi, karibu na kitu cha kupandia.

Hapa sina budi kutoa onyo. Mimea hii miwili ina sumu. Gloriosa ni kali zaidi, na kiazi chake hupita sehemu zote. Huko India hulimwa katika jimbo la Tamil Nadu, kwa kuwa hutolewa ndani yake dawa inayotumiwa kutibu jongo. Lakini dawa ile hupimwa na wenye ujuzi kwa kiasi kidogo mno, na kiazi kizima ni mauti. Wako watu waliokufa kwa kukidhani ni kiazi cha kuliwa. Basi msikipande kamwe karibu na viazi vikuu au mihogo, wala msikiweke jikoni. Nawaeni mikono baada ya kukishika, na watoto wafundishwe kulitazama ua bila kulitia mdomoni. Mtu akikila, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama bado hajaanza kutapika. Wala asingojee dawa za nyumbani.

Mmea wa tatu hauna kitunguu. Ni mdogo, wenye majani manene ya manyoya kama mahameli na maua ya rangi ya urujuani, nao hushikamana na miamba penye kivuli na unyevu katika misitu ya Usambara na milima mingine ya Tanzania, na pia katika pwani ya Kenya karibu na Kilifi. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala katika sehemu za Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona akapeleka mbegu au miche kwao. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, mjini Hannover, aliueleza katika maandishi na kuuita Saintpaulia. Wataalamu wa siku hizi wameuingiza katika ukoo wa Streptocarpus, lakini jina la kwanza lingali midomoni mwa watu. Leo hukaa madirishani mwa nyumba nyingi mno za Ulaya na Marekani, na wengi wanaoumwagilia maji kila juma hawajui kwamba kwao ni Tanga.

Nanyi mwaweza kuwa nao barazani, ndani ya chungu chenye tundu chini. Usipigwe na jua kali. Maji yamwagwe udongoni, si juu ya majani, maana maji baridi huyatia mabaka. Tena kuuzidisha ni rahisi: kateni jani moja zima pamoja na kikonyo chake, mkichomeke katika mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, mkiweke kivulini. Baada ya majuma kadhaa miche midogo itachipua penye kikonyo. Kwa jani moja tu mwapata miche kadhaa, na mama yao amebaki mzima.

Sasa nieleze kanuni tatu za kutunza mimea ya vitunguu na viazi. Kwanza, udongo upitishe maji. Nimesema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza upesi ikilala majini; penye udongo mzito changanyeni mchanga na samadi iliyooza kabisa. Pili, maua yakiisha, msikate majani yangali mabichi, wala msiyafunge mafundo ili bustani ionekane nadhifu. Hapo ndipo yanapojaza ghala. Akatwaye majani leo hana ua mwakani, naye atalaumu mbegu bure. Tatu, majani yakikauka yenyewe, acheni kumwagilia. Wekeni kijiti mahali pale, jembe lisije likakata kitunguu kilicholala.

Na sasa nafika kwenye neno lililo zito kuliko yote. Mtu akisikia habari za maua haya, huenda akachukua jembe akaenda msituni kuyang'oa. Nawasihi msifanye hivyo. Ile Saintpaulia iliyojaa katika nyumba za dunia, katika misitu yake yenyewe imekuwa adimu, na baadhi ya aina zake zimo katika hatari ya kutoweka. Haikumalizwa na wachumaji peke yao. Miti ikikatwa juu ya mwamba, kivuli huondoka, jua hupiga, na mmea hufa ingawa hapana aliyeugusa. Msitu wa Amani umekuwa hifadhi tangu 1997, na kuchukua mimea hifadhini bila ruhusa ni kuvunja sheria. Lakini hata pale pasipo askari, yapasa tujizuie wenyewe. Ombeni kitoto cha kitunguu kwa jirani, okoteni mbegu chache mkiacha nyingi, ombeni jani moja kwa mwenye chungu. Na kama shamba linafyekwa kwa kilimo, vitunguu vitakatwa na jembe, hapo kuvichimba kwa idhini ya mwenye shamba ni kuviokoa.

Wanafunzi nao wana kazi njema ya kufanya. Chagueni mmea mmoja wa kitunguu katika bustani ya shule, mwandike daftarini siku ya mvua ya kwanza, siku ua lilipotokeza, siku jani la kwanza lilipokunjuka, na siku la mwisho lilipokauka. Fanyeni hivyo miaka mitatu. Mtajua habari za mvua na za mmea katika mahali penu kuliko mgeni ye yote awezavyo kuwaambia.

Mvua zikikaribia, basi, tayarisheni mahali padogo chini ya mti, na anayelima karibu aambiwe kwamba pale pana kitu kilicholala.

Kwaherini.