Kupima Kisomo cha Watu Wazima

Tathmini ya elimu ya watu wazima ina pande mbili. Upande wa kwanza ni matokeo ya ujifunzaji, yaani yale ambayo mwanakisomo anayajua na kuyaweza baada ya kumaliza masomo. Upande wa pili ni mchakato wa ujifunzaji, yaani njia aliyopitia mpaka kufika hapo, pamoja na vipindi alivyohudhuria, vitabu alivyosomea, namna alivyofundishwa na sababu zilizomfanya aendelee au aache. Katika Afrika Mashariki upande wa kwanza umepimwa kwa bidii kubwa, ilhali wa pili umeachwa bila kuandikwa, na pengo hilo limewagharimu wanakisomo wenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Nchini Tanzania, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni ya kufuta ujinga ilienea hadi vijijini, na mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ukafanyika mwaka 1975. Wanakisomo walipangwa katika hatua nne, kuanzia aliyehudhuria vipindi bila kuimudu hatua iliyofuata, hadi aliyeweza kusoma gazeti, kuandika ujumbe na kuweka hesabu za mapato na matumizi yake. Mpangilio huo ulistahili sifa, kwa kuwa haukuwagawa watu wazima katika makundi mawili tu, la wanaojua na la wasiojua. Hata hivyo, kilichobaki katika kumbukumbu ya umma ni tarakimu moja: wasiojua kusoma na kuandika, waliokadiriwa kuwa takribani theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960, walitangazwa kuwa asilimia 9.6 mwaka 1986. Ni ushindi uliopatikana kwa jasho la walimu wa kujitolea waliofundisha chini ya miti kwa posho ndogo, na haufai kubezwa. Lakini kufikia sensa ya mwaka 2002 takribani watu wazima watatu kati ya kumi walikuwa tena hawajui kusoma na kuandika. Kushuka kwa uandikishaji wa shule za msingi kulichangia, na waliosahau walichokisoma walichangia pia. Ni kwa kiasi gani kila sababu ilihusika, daftari za alama haziwezi kueleza.

Kenya nayo ilipata funzo la aina hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006, uliowapa watu wazima maswali ya kusoma na kuhesabu badala ya kuwauliza tu kama wanajua, ulionyesha kwamba asilimia 61.5 walikuwa wamefikia angalau kiwango cha chini cha kujua kusoma, ilhali waliofikia kiwango kinachotakiwa, kile kinachomwezesha mtu kuutumia ujuzi huo bila kutegemea mwingine, walikuwa asilimia 29.6 pekee. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni watu waliofika darasani, wakajifunza, kisha wakaachwa njiani.

Namna bora ya kupima haikukosekana. Nchini Tanzania, mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa Victoria, ulioanza mwaka 1968, ulitunga vitabu vya kisomo chenye manufaa, yaani kisomo kinachofungamana na kazi ya msomaji, vikiwamo vya pamba na uvuvi. Mkulima wa pamba aliyesomea kitabu cha namna hiyo hupimwa vizuri zaidi penye mzani wa ushirika kuliko penye dawati: asome kilo, azidishe kwa bei, alinganishe jibu lake na kilichoandikwa kwenye stakabadhi, na akiona limepungua aulize. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, nayo ilitathminiwa kwa kutazama kilichobadilika majumbani, kwa mfano vyoo, wala si kwa maswali ya darasani peke yake.

Upimaji endelezi, yaani ule unaofanyika masomo yakiwa yanaendelea ili kuyarekebisha, ndio unaogundua kwamba mwanakisomo mwenye umri mkubwa aliyeshindwa kusoma ubaoni hakosi akili bali anakosa miwani, au kwamba wanawake watano walioacha kuja mwezi wa Desemba wako shambani, hawajakata tamaa. Mtihani wa mwisho huwaandika wote hao kuwa wameshindwa. Tena mtu mzima ana haki ya kusema alikuja kutafuta nini, iwe ni kusoma kadi ya kliniki ya mtoto au kuhakiki ujumbe wa muamala wa simu bila kumwita mjukuu, na lengo hilo liingizwe katika vigezo vya kumpima. Kila kituo cha kisomo kinaweza kuanza na jambo dogo: kila baada ya miezi mitatu mwezeshaji akae na wanakisomo wake, waandike pamoja nani ameacha na kwa nini, somo gani limewashinda na lipi wamekwisha kulitumia nyumbani, kisha afisa elimu kata aipokee taarifa hiyo na kuipeleka juu ikiwa katika karatasi ileile yenye alama za mtihani.