Dawa ya Shinikizo la Damu na Hatari ya Kuzirai Kazini

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mikutano ya vyama wanachama, Unguja)



Katika vyama vya ushirika husemwa mengi juu ya bei, magunia na mikopo, na husemwa machache mno juu ya mwili wa mwanachama, ambao ndio unaolima, unaokwea na unaovua. Mazungumzo haya yanahusu jambo moja tu la mwili huo: mtu aliyeandikiwa dawa ya shinikizo la damu, maradhi ambayo mjini na shamba huitwa presha, kisha akazirai. Kuanguka kwenyewe ni kubaya. Lakini kinachofuata mara nyingi huwa kibaya zaidi, kwani aliyeanguka huziacha dawa zake bila ya kumwambia mtu, na maradhi yakabaki naye.

Maradhi haya hayana kelele. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walio na shinikizo la juu la damu ulimwenguni walikuwa wapatao bilioni 1.28, na kwamba asilimia 46 kati yao hawakujua kuwa wanalo. Hapo ndipo penye ugumu wa tiba yake. Mgonjwa wa homa humeza kidonge akiwa hoi, akapata nafuu. Kwa hiyo huiamini dawa. Mgonjwa wa presha humeza kidonge akiwa hasikii maumivu yoyote, na pengine baada ya kumeza ndipo anapoanza kujihisi mgonjwa. Akishikwa na kisunzi mara mbili, hukata shauri kwamba aliyempa dawa ndiye aliyempa ugonjwa. Shauri hilo si la kipumbavu. Lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo yafaa ielezwe wazi badala ya kufichwa.

Mtu anaposimama kutoka kulala au kuinama, damu ipatayo nusu lita hadi lita nzima huteremka tumboni na miguuni. Mwili mzima hulijua jambo hili na hulitengeneza kwa sekunde chache: moyo huongeza mwendo na mishipa hujikaza ili damu ipande kichwani. Sasa, dawa nyingi za presha hufanya kazi kwa kuilegeza mishipa hiyo hiyo, au kwa kupunguza maji mwilini, au kwa kuutuliza moyo. Ndiyo kusema, zinamchelewesha mlinzi aliyekuwa akikimbilia mlangoni. Ubongo ukikosa damu ya kutosha, macho huingia giza, masikio huvuma, jasho baridi hutoka, na magoti hulegea. Mtu huanguka. Akishalala chini damu humrudia, naye huzindukana.

Kwa hiyo desturi ya kumwinua aliyezirai, wakamshika wanaume wanne na kumkalisha kitini huku wakimpepea, ni desturi ya huruma inayomdhuru. Alazwe chali, miguu iinuliwe, nguo za shingoni na kiunoni zilegezwe, na asinyweshwe kitu mpaka azindukane barabara. Mwanamke mwenye mimba kubwa alazwe ubavu. Asipozindukana kwa dakika moja au mbili, au akizindukana uso umepinda, maneno yanamgomba, mkono mmoja hauna nguvu, au kifua kinamuuma, huyo si wa kupepewa. Ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Dawa zote hazilingani katika jambo hili. Mfano mashuhuri ni prazosin, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1970. Madaktari wa wakati ule waliona wagonjwa wakizirai muda mfupi baada ya kumeza kidonge cha kwanza kabisa, pengine ndani ya saa moja na nusu tu. Tokea hapo dawa hiyo huanzwa kwa kipimo kidogo sana, usiku, mgonjwa akiwa kitandani. Ndugu zake wa leo hupewa wazee wa kiume kwa ajili ya tezi inayozuia mkojo, na mzee huyo aghalabu huwa tayari ana dawa nyingine ya presha aliyopewa na daktari mwingine. Dawa mbili zilizotoka milango miwili hukutana katika mwili mmoja. Vidonge vya kukojoza, kama hydrochlorothiazide na furosemide, humwangusha mtu kwa njia nyingine, yaani kwa kumkausha maji.

Sasa na itazamwe kazi ya mwanachama. Mtu wa ofisini akizirai huanguka juu ya sakafu. Achukuliwe, kwa mfano, mkwezi wa minazi wa Bumbwini mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, aliyepimwa juzi na kupewa vidonge vipya. Asubuhi amemeza, amekunywa kikombe kimoja cha chai, amekwenda shamba. Amekwisha kukwea minazi kumi jua likiwa kali, jasho limemtoka, na kidonge kimemkojoza. Akifika juu ya mnazi wa kumi na moja na kuinua kichwa ili aangue, giza likimjia machoni, hana pa kulala. Au achukuliwe mkulima wa mwani. Kazi hii ilianza kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na walioibeba hasa ni wanawake. Maji yakipwa huinama kwa saa nyingi wakifunga mbegu kwenye kamba, kisha huinuka ghafla na mzigo. Na kwa kuwa maji ya pwani yamezidi joto na mwani hufa, wengine wamelazimika kusogea kwenye kina zaidi, na wengi wao hawajui kuogelea. Maji ya kiunoni humtosha aliyezirai kufa.

Mjini Mji Mkongwe hatari ina sura nyingine. Mzee aliyemeza dawa ya kukojoza jioni huamka saa nane za usiku, hutoka kitandani kwa haraka, na mbele yake ni ngazi za nyumba ya mawe, zenye vipandio virefu na giza. Hata mjukuu anayelala chumba cha pili huchelewa kumsikia. Dawa hiyo ilistahili kumezwa asubuhi. Mara nyingi ni neno hilo moja tu lililokosa kusemwa dirishani au kusikilizwa. Mzee huyo na aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, angoje dakika moja au mbili, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Vivyo hivyo alfajiri, anapoinuka kutoka kwenye sijida. Mgonjwa anayo rukhsa ya kuswali kwa kukaa, na kuitumia rukhsa hiyo si aibu.

Ramadhani inahitaji neno la peke yake. Mfungaji hukaa mchana kutwa bila ya maji, na ikiangukia miezi ya joto hukauka zaidi. Wako wanaoziacha dawa mwezi mzima, na wako wanaomeza kwa pamoja wakati wa kufuturu vidonge vya asubuhi na vya jioni ili kufidia. Wote wawili wanajihatarisha, mmoja kwa kupanda kwa damu na mwingine kwa kushuka. Linalofaa ni kumwona daktari wiki chache kabla ya mwezi kuandama, kwani dawa nyingi zaweza kupangwa upya zikamezwa mara moja usiku, na za kukojoza zikahamishwa au kupunguzwa. Hali kama hiyo humpata anayeharisha au kutapika: anayemeza dawa za kukojoza, au enalapril na jamaa zake, huku maji yakimtoka kwa wingi, aulize siku hiyo hiyo kama azisimamishe kwa muda, maana figo zake nazo zimo hatarini.

Majirani nao wana tiba zao. Aliyezirai huambiwa alambe chumvi, na huyo ndiye aliyekatazwa chumvi, mwenye kula ng'onda na papa mkavu kila wiki. Mwingine huambiwa aache vidonge anywe maji ya choya. Choya kweli huteremsha presha kidogo, lakini kwa anayemeza dawa ni nyongeza juu ya dawa, wala si badala yake. Wengine hugawana vidonge kama wanavyogawana sukari. Na wako wanaume wanaonunua kwa siri vidonge vya kuongeza nguvu za kiume; hivyo hutanua mishipa pia, na vikikutana na prazosin, au na vidonge vya kuweka chini ya ulimi vya maumivu ya kifua, humteremsha mtu presha kiasi cha kumwua. Siri hii yafaa isiwe siri mbele ya daktari. Kwa upande mwingine, vidonge vya maumivu kama diclofenac, ambavyo wachukuzi na wavuvi huvimeza kila jioni kwa ajili ya mgongo, huipandisha presha na kuzichosha figo.

Madhara mengine yaliyobaki si ya kuangusha, ila yanawafanya watu wengi kuacha dawa, kwa hiyo yatajwe. Captopril, enalapril na lisinopril huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, nao hutibiwa mafua kwa miezi. Mara chache dawa hizo huvimbisha midomo, ulimi na koo. Jambo hilo huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Kiafrika, na ni la kukimbilia hospitali bila ya kungoja asubuhi. Mwanamke mwenye mimba hapewi dawa hizo kabisa. Amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu, na mwenye miguu hiyo hudhani figo zimekufa. Vidonge vya kukojoza huondoa potasiamu na kukaza misuli ya miguu usiku. Propranolol na atenolol hupunguza mwendo wa moyo, huchosha, na hazimfai mwenye pumu. Takriban kila moja katika hizi ina mbadala. Mwenye kikohozi hubadilishiwa. Mwenye miguu iliyovimba hupunguziwa au huchanganyiwa. Anayenyamaza ndiye asiyebadilishiwa.

Anayenyamaza huacha. Propranolol ikiachwa ghafla moyo hushtuka, na mwenye maradhi ya moyo aweza kufa. Clonidine ikiachwa ghafla presha huruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Dawa nyingine zikiachwa hakuna kishindo chochote, kisunzi hupona, mtu hujipongeza. Shinikizo hurudi polepole mahali pake na kufanya kazi yake kimya, mpaka siku ya kiharusi. Hapo familia husema kimemjia ghafla, nacho kilikuwa njiani tangu siku alipovitupa vidonge.

Katika jambo hili chama cha ushirika kinayo kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya, kwa sababu chama ndicho kinachompangia mtu zamu. Siku za mwanzo za dawa mpya, na siku za mwanzo baada ya kipimo kuongezwa, mkwezi asikwee. Apewe kazi ya kufua nazi au kuhesabu, na ujira wake usikatwe hata ukamfanya aifiche dawa. Mkulima wa mwani asiende maji ya kina peke yake. Mvuvi asishike usukani peke yake usiku. Maji ya kunywa yawepo shambani na ufukweni. Chai pekee haitoshi. Haya hayahitaji mkopo wala mhandisi, na kamati inaweza kuyaamua katika kikao kimoja.

Na vyama vilivyo na kipimo cha presha, au vinavyotembelewa na muuguzi wa kituo cha afya, vikumbuke kwamba kumpima mtu akiwa ameketi tu hakumwonyeshi anayeanguka akisimama. Mwanachama anayelalamika kisunzi alazwe kwa dakika tano, apimwe. Kisha asimame, mtu akiwa karibu yake, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kisunzi chake kina sababu. Namba zote ziandikwe kwenye karatasi pamoja na saa aliyomeza dawa na saa aliyoanguka. Karatasi hiyo aende nayo Mnazi Mmoja, au Kivunge kwa walio kaskazini, au Makunduchi kwa walio kusini, akiwa na vidonge vyote anavyovimeza ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vile alivyovinunua mwenyewe Darajani.