Kiti cha Mwisho Katika Safu ya Besi

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika ibada ya Jubilei ya Miaka 25

 

Mwenyekiti ameshawasimulia historia ya kwaya, na mweka hazina ameshasoma hesabu, kwa hiyo hatutarudi huko. Sisi tumeombwa ushuhuda. Tulipofungua vitabu vya kumbukumbu za mikutano kutafuta la kusema, tulikuta safari, mashindano, harusi, na matanga mengi kuliko tulivyokumbuka. Tukakuta pia kurasa ambazo tuliziruka mara mbili kabla ya kuzirudia. Ni za mwaka ule kijana wetu wa besi alipoumia. Mwenyewe ameturuhusu tuseme, mradi tusimtaje jina, ingawa wengine wenu mmeshageuka kumtazama.

Alikuwa na miaka 19. Jumamosi jioni akitoka mazoezini, bodaboda aliyopanda iligongana na pikapu. Mfupa wa paja ulivunjika na goti likaumia vibaya. Usiku ule tulijaa nyumbani kwa mama yake, tukaomba mpaka majogoo. Kesho yake wanakwaya sita walikwenda kutoa damu. Mchango wa bili ulipopitishwa, hakuna aliyeulizwa mara mbili. Hayo yote yameandikwa kwa mwandiko mzuri, maana tulijivunia.

Kisha safari ikawa ndefu. Mfupa wa paja huchukua miezi kuunga, na wake ulitiwa chuma ndani. Muuguzi alimwagiza avute pumzi ndefu mara kwa mara, kwa sababu mtu akilala kitandani muda mrefu mapafu nayo huweza kuugua. Mwanakwaya ni mwanakwaya. Aliona heri apumue kwa wimbo. Wagonjwa wenzake wakazoea kusikia besi tupu, isiyo na sauti nyingine juu yake. Jumapili tukienda kumwona, soprano na alto zilipata pa kukanyaga, na mzee mmoja wa kitanda cha pili akawa anadai teno ni yake.

Alitoka hospitalini kwa magongo. Baada ya miezi saba bado alikuwa nayo, na hapa ndipo kurasa zile zinapoanza. Tulikuwa tumemwombea arudi kama zamani, na hakurudi kama zamani. Wengine wetu tukaanza kusema pembeni kwamba huenda imani yake ina upungufu. Haikukaa pembeni. Katika mkutano mmoja wa maombi tulimzunguka, tukamwekea mikono, tukamwambia aweke magongo chini atembee kwa jina la Yesu. Kijana mtiifu aliyaweka. Alipiga hatua moja, akaanguka mbele yetu sote. Tulimwinua, tukaanzisha wimbo upesi, tukafunga mkutano. Kumbukumbu za siku ile zinasema tu: maombi yalifanyika.

Hakuja tena kwa miezi minne.

Aliyekuja ni mama yake. Alitukuta kwenye kamati, akakataa kiti, akasema, "Alipokuwa hospitalini mlimwombea na mkamletea uji. Alipofika nyumbani mkabaki na maombi peke yake. Halafu mkamlaumu." Akatueleza kwamba kila Jumanne na Ijumaa humpeleka kijana kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambako goti hupimwa linapinda kiasi gani. Akasema, "Kila usiku mwanangu anamwomba Mungu digrii tano. Digrii tano tu. Wiki iliyopita alipata tatu, akashukuru. Nyinyi mlikuwa mnaomba nini?"

Hatukuwa na jibu. Sisi tulio walimu tunajua kwamba mtoto anayejifunza kusoma hapewi gazeti siku ya kwanza, lakini tulikuwa tumempa Mungu siku moja tu ya kumaliza kazi yake, tena mbele ya watu.

Mchungaji hakutukemea. Alitusomea habari za Mefiboshethi katika Samweli wa Pili. Alikuwa mtoto wa miaka mitano yaya wake alipokimbia naye, akaanguka, akawa kiwete. Daudi alipomwita kwa ajili ya Yonathani baba yake, alimpa nafasi mezani pa mfalme siku zote. Ukisoma sura ya tisa mpaka mwisho utaona kwamba bado miguu yake miwili ni mibovu. Miguu haikupona, na mezani hakuondolewa.

Tulikwenda kumwomba msamaha, wote, bila kutuma wajumbe. Tukapanga zamu za kumsindikiza Jumanne na Ijumaa ili mama apumzike. Hilo lilikuwa rahisi. Lililotushinda lilikuwa kiti. Kwaya yetu ilikuwa ikiingia kanisani kwa wimbo, tukiyumba pamoja, kisha tunapanda ngazi tatu na kuimba tumesimama. Yeye angekaa wapi? Kamati ilibishana mikutano miwili. Kuna waliosema kiti kitaharibu safu, na maneno yao yameandikwa, ila leo hatuwataji, maana baadhi yao ndio waliokuja kukipaka rangi. Tulipiga kura. Tangu siku hiyo tunakuwa mahali petu kabla ibada haijaanza. Wazee mliolalamika kwamba maingilio yamepoteza ladha, hamkukosea sana. Hata sisi huyakumbuka.

Leo ana miaka 27. Anachechemea, na siku za baridi hushika fimbo. Goti halipindi lote. Daktari, chuma, mtaalamu wa viungo, uji wa mama, mkono wa Mungu: hatujui kuvitenganisha, na yeye anaposhukuru huvitaja vyote kwa pumzi moja. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi bado tunaliombea goti lile. Tunamuuliza kwanza yeye anataka tuombe nini. Wiki jana alisema tumwombee mdogo wake anayefanya mtihani, goti lingoje.

Wimbo wa sita katika programu ataanzisha yeye, akiwa ameketi. Na sasa ombi kwa ndugu zetu mnaopanga wageni: tangu asubuhi mmekihamisha kile kiti cha buluu mara tatu mkitafuta nafasi. Tafadhali kirudisheni mwisho wa safu ya besi, upande wa ukutani, na mwache nafasi ya kunyoosha mguu.

Mungu awabariki.