Mvukuto na Sili za Mashine ya Tezi

Mazungumzo mbele ya makatibu, wahasibu na manahodha wa vyama vya wavuvi



Chombo kinachozama katika dhoruba huwa na mashahidi wa kueleza yaliyotokea. Chombo kinachozama nangani usiku, bahari ikiwa shwari, hakina hata mmoja. Wavuvi hufika pwani alfajiri wakakuta omo peke yake ikichungulia juu ya maji, na tezi yote imekwenda chini pamoja na mashine. Hapo ndipo maneno huanza: mlinzi alilala, yuko hasidi aliyetoboa, fundi aliyeunda chombo hakukalafati vema. Lakini ikiwa chombo hicho kina mashine ya tezi, kabla ya kumshtaki mtu yeyote yafaa pakaguliwe kwanza kipande cha mpira ambacho hakuna mtu aliyekiona tangu siku chombo kiliponunuliwa.

Mashine ya tezi ni ile ambayo injini yake imefungwa ndani ya chombo, karibu na ubao wa tezi, na mguu wake uko nje nyuma, ukiwa na gia na rafadha. Kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi ilitoa mtambo wake uitwao Aquamatic mwaka 1959, na muda si mrefu MerCruiser ya Marekani ikafuata. Sifa yake kubwa ni kwamba mguu huweza kugeuzwa kushoto na kulia kama usukani, tena huweza kuinuliwa chombo kinapofika maji haba. Vyombo vya namna hii si vingi miongoni mwa wavuvi. Wengi hutumia mashine za kupachika nje. Hata hivyo, habari za sili zitakazoelezwa hapa zinawahusu wao pia, kwa kuwa shafti ya rafadha ya mashine ya kupachika huzuiwa maji kwa njia ile ile.

Ili nguvu ya injini ifike kwenye mguu, hapana budi ubao wa tezi utobolewe, na tundu hilo liko chini ya usawa wa maji. Ndani ya tundu hupita shafti yenye krosi mbili, mfano wa zile za gari, ili iweze kupinda mguu unapogeuka. Kinachozuia bahari isiingie katika tundu hilo ni mpira wenye mikunjo. Hapa utaitwa mvukuto, kwa kuwa hujikunja na kujikunjua kama ule wa mhunzi. Kando yake upo mvukuto mwingine wa kupitishia moshi, na katika baadhi ya aina kuna wa tatu, mdogo, unaofunika waya wa gia. Ule wa moshi ukipasuka, kwa aina nyingi hasara yake kubwa ni kelele, na moshi wa moto kuuchoma mwenzake wa jirani. Lakini ule wa shafti au ule mdogo wa waya ukipasuka, maji yana njia ya kuingia ngamani.

Mara nyingi maji hayaingii kwa kishindo. Ufa huanza ndani kabisa ya mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki mpaka mguu uinuliwe na mpira uvutwe kwa vidole. Mvukuto hujaa maji ya chumvi, krosi zinashika kutu, na beringi kubwa inayobeba shafti hukauka grisi yake. Nahodha mwenye masikio atasikia mngurumo chombo kinapokata kona. Asiye na masikio ataongeza moto, na mngurumo utamezwa na sauti ya injini. Kisha maji hupenya kwenye beringi na kudondoka ndani. Pampu ya ngama huyatoa kimya kimya, siku baada ya siku, na kila mtu huamini kuwa chombo ni kikavu. Usiku mmoja betri huisha nguvu.

Kwa sababu hiyo, pampu inayojiwasha yenyewe isihesabiwe kuwa ulinzi pekee. Bora nahodha aizime kila asubuhi kwa muda, atazame maji yanapanda kwa kiasi gani, ndipo aiwashe tena.

Sili nazo zina adui wao, na kwa mvuvi adui huyo ni mshipi wake mwenyewe. Nyuma ya rafadha, pale shafti inapotokea kwenye mguu, kwa kawaida huwa na sili mbili zilizopeana migongo: moja inazuia oili isitoke, nyingine inazuia maji yasiingie. Mshipi wa nailoni ukinaswa na rafadha hujizungusha kwenye shafti, hujibana, hupata joto, na kukata midomo ya sili kama wembe. Rafadha huuficha mshipi huo, kwa hiyo kuangalia kwa nje hakutoshi. Chombo cha uvuvi kitolewe rafadha mara kwa mara, shafti isafishwe, na kila uzi uondolewe hata ukiwa mfupi kama kidole.

Oili ya gia ndiyo inayosema ukweli wa sili. Kizibo cha chini kikifunguliwa baada ya chombo kutulia, maji yakatangulia kutoka, au oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, sili imeshindwa. Si haki kumwaga oili hiyo, kutia mpya na kurudi baharini. Jambo hili hufanywa sana. Katika vitabu vya chama huonekana kama ununuzi wa oili unaozidi mwezi hadi mwezi, na mhasibu aliye makini aweza kugundua sili mbovu akiwa ofisini, kabla fundi hajaigundua pwani.

Kazi ya kubadilisha yataka chombo kipandishwe pwani kabisa. Wapo wanaotaka kuifanya baina ya maji kupwa na maji kujaa, wakati wa bamvua, ili wasipoteze siku ya uvuvi. Haifai. Gundi haikauki kwa amri ya mwezi, na fundi anayetazama maji yakimkaribia hukaza klipu mahali pasipostahili.

Oili humwagwa kwanza. Mguu hutegemezwa kwa kitu imara kabla ya kufunguliwa nati, maana uzito wake waweza kumvunja mtu miguu. Ndipo huvutwa nyuma ukatoka pamoja na shafti yake. Krosi zipindwe kwa mkono: zikikwama au kukwaruza, zibadilishwe. Beringi iliyo kwenye ubao wa tezi izungushwe kwa kidole, na ikiwa na kutu au mchanga nayo itolewe. Kuweka mvukuto mpya mbele ya beringi mbovu ni kujitayarishia kazi ile ile tena.

Mvukuto wa zamani ukishatoka, kazi kubwa huwa ni usafi. Shingo za chuma zinazovaliwa na mpira hujaa gundi kuukuu, chumvi na unga mweupe wa kutu ya aluminiamu. Zisuguliwe kwa msasa mpaka zing'ae, kwani mpira mpya juu ya shingo chafu utavuja siku ya kwanza. Gundi ipakwe mahali kitabu cha mashine kinapoagiza tu. Mpira uingizwe kwa upande wake sahihi hadi ukae katika mfereji wake. Klipu ziwe mpya na za chuma kisichoshika kutu. Kichwa cha skrubu ya klipu kielekezwe mahali ambapo hakitagusa mvukuto wa jirani mguu unapogeuka. Kosa hilo dogo limeharibu mipira mipya mingi.

Sili za shafti hutolewa bila kukwaruza kikalio chake. Kisha fundi apitishe ukucha juu ya shafti pale midomo ya sili inapokaa. Ukucha ukikwama katika mfereji uliochimbika, sili mpya peke yake haitasaidia. Shafti itafutiwe ala yake ya kuifunika, au ibadilishwe. Sili mpya hupakwa grisi mdomoni na kuingizwa kwa bomba linalolingana na ukingo wake, ikigongwa taratibu na kwa usawa. Nyundo isiiguse sili yenyewe.

Kabla ya kurudisha mguu, ulinganifu wa injini hupimwa kwa chuma maalumu ambacho yapasa kiingie na kutoka bila kulazimishwa, na meno ya shafti hupakwa grisi. Gasketi na pete za mpira ziwe mpya. Oili husukumwa kutoka tundu la chini mpaka imwagike tundu la juu bila mapovu. Kizibo cha juu hufungwa kwanza, ndipo cha chini.

Liko swali linaloulizwa na kila kamati: mpira unaoonekana mzima utupwe kwa sababu gani? Mpira huzeeka hata chombo kisipofanya kazi. Jua, chumvi na moshi huukausha. Chaza wadogo huota katika mikunjo na kuikata. Chombo kikiachwa muda mrefu mguu ukiwa juu, mpira hubaki umenyooshwa upande mmoja na ufa hupata pa kuanzia. Ndiyo maana mguu huteremshwa chombo kinapopumzika. Volvo Penta katika vitabu vya Aquamatic huagiza mvukuto ubadilishwe kila baada ya miaka miwili. Hawakuandika "ukichakaa".

Basi mvukuto ni gharama ya kalenda, kama ada ya leseni. Usingojee kuombwa na nahodha. Uandikwe katika makisio ya mwaka, pamoja na klipu, sili, gasketi na oili, kabla kamati haijafikiria mgawo wa ziada kwa wanachama. Bei ya vitu hivi vyote ni sehemu ndogo ya bei ya mguu mmoja. Lakini wavu mpya huonekana na wanachama siku ya mkutano, na mvukuto hauonekani. Kwa hiyo wavu hununuliwa. Mwanachama aliyekatwa fedha za samaki wake miaka mitatu kulipia mkopo wa chombo anastahili hesabu iliyo bora kuliko hiyo.

Kila chombo kiwe na daftari lake, lenye tarehe ya kubadilisha, namba ya kipuri, jina la fundi na rangi ya oili iliyotoka. Mpira wa zamani uletwe ofisini pamoja na hati ya malipo.

Chombo kikishushwa majini, mtu mmoja aingie ndani na taa, achunguze ubao wa tezi chini ya injini kwa muda wa saa nzima, kabla mashine haijawashwa na baada ya safari fupi. Usiku wa kwanza alale humo humo, pampu ikiwa imezimwa. Siku inayofuata oili ipimwe tena, maana hushuka kidogo hewa iliyobaki inapotoka, na iongezwe mpaka ifike alama yake.