Kikundi cha Hisabati Hufundishwa
Mwalimu anaposema "kaeni vikundi", mara nyingi hutokea hivi: mmoja anakokotoa, watatu wananakili. Huko si kushirikiana.

Miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, aliwachunguza wanafunzi wa kalkulasi. Wanafunzi weusi wengi walijisomea peke yao, kwa bidii kubwa, na bado wakaanguka. Wenzao wenye asili ya China walifanya maswali kila mmoja kivyake kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana bila kuoneana haya. Treisman akaanzisha warsha za vikundi. Hakuwapa washiriki maswali mepesi ya kuwahurumia, aliwapa magumu. Matokeo yakapanda sana.

Hili la ugumu ndilo ninalolisisitiza. 24 × 15 haihitaji kikundi. Kila mtu aifanye mwenyewe. Kikundi kipewe swali lenye njia nyingi, kwa mfano: gawanya shamba la mstatili katika sehemu nne zenye eneo sawa, kwa njia tatu tofauti, na uthibitishe usawa huo. Waache wafikiri kimya dakika chache, ndipo wazungumze. Mwishoni mwite yeyote, si yule hodari tu, aeleze njia ya kikundi. Wakilijua hilo mapema, hodari atahakikisha mwenzake ameelewa.

Nawe mzazi, mwanao akirudi leo, usimuulize tu amepata ngapi. Muulize amemweleza nani, na nani amemweleza yeye.