Njia ya Kuwa Wakili: Maneno kwa Vijana Wetu

(Hotuba iliyotolewa na binti wa kambi yetu, ambaye leo ni wakili nchini Uingereza, mbele ya wakimbizi katika Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeona vema kuichapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Kwanza namshukuru Mungu aliyetukutanisha tena. Pili naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niwaeleze vijana jinsi mtu anavyojiandaa kwa mitihani ya kuwa wakili, au avoka kama tulivyozoea kusema kwetu Kongo. Nitasema yale niliyoyapitia mwenyewe, pamoja na yale yaliyonishinda, kwa sababu sifa tupu hazimsaidii mwanafunzi.

Wengi hapa mnanifahamu. Tulikimbia Rutshuru mwaka 2008, tukavuka Bunagana, nikiwa na umri wa miaka 10. Nilisoma hapa, nikachota maji hapa, na mwaka 2014 jamaa yetu tukapelekwa Uingereza kwa mpango ulioitwa Gateway. Mpango huo ulianza mwaka 2004 na ulifungwa mwaka 2020, kwa hiyo asije mtu akawadanganya kwamba bado anauza nafasi zake.

Nitaanza na jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria. Nilipokuwa na miaka 12 mama yangu aliitwa kuhojiwa. Siku ile mkalimani hakuwepo, nami kwa kujivunia Kiingereza changu cha shule nikasema, "Mimi nitatafsiri." Akaulizwa kuhusu kijana mdogo aliyekuwa naye. Mama akajibu, "Ni mtoto wangu." Mimi nikageuza kwa Kiingereza kwamba amemzaa. Ninyi nyote mnajua mama alisema nini. Yule alikuwa mtoto wa marehemu mjomba wangu, na kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Mama hakusema uongo. Katika mahojiano ya pili mkalimani alikuwepo, mama akaeleza vizuri nani alimzaa. Basi karatasi zikawa na majibu mawili yasiyopatana. Mwisho wake sisi tuliondoka, yeye akabaki na bibi.

Yupo hapa leo, ameketi kule nyuma. Yeye ndiye aliyeniambia, "Dada, waambie pia na hilo." Nimewaambia. Kosa lilikuwa langu, kosa la mtoto, lakini karatasi haijui kwamba aliyesema alikuwa mtoto. Siku nilipoelewa jambo hilo ndipo nilipotaka kusoma sheria.

Sasa nije kwenye mitihani yenyewe.

Uingereza ina mawakili wa aina mbili. Mmoja huitwa barista, ambaye kazi yake kubwa ni kusimama mahakamani. Mwingine huitwa solisita. Huyu ndiye mwananchi anayemwendea kwanza: anasikiliza shida, anaandika barua, anatengeneza mikataba na wosia, na mara nyingine anasimama mahakamani pia. Mimi ni solisita.

Tangu Septemba 2021 njia ya kuwa solisita katika Uingereza na Wales ilibadilishwa. Mambo yanayotakiwa ni manne. Uwe na shahada ya chuo kikuu au elimu inayolingana nayo, na si lazima iwe ya sheria. Ufaulu mtihani uitwao SQE, wenye sehemu mbili. Ufanye kazi ya sheria kwa miaka miwili. Na uchunguzwe tabia yako, kwamba wewe ni mtu wa kuaminika.

Sehemu ya kwanza ya SQE ina karatasi mbili, na kila karatasi ina maswali 180. Jumla ni maswali 360. Kila swali lina majibu matano nawe unachagua moja. Huingii na kitabu wala daftari. Kila karatasi hugawanywa mara mbili, maswali 90 kwa saa 2 na dakika 33. Pigeni hesabu: ni dakika moja na sekunde 42 kwa swali, na swali lenyewe ni hadithi ya mistari mingi.

Karatasi ya kwanza inauliza mambo ya biashara, mashauri ya madai, mikataba, madhara mtu anayomtendea mwenziwe, katiba na utawala. Ya pili inauliza ardhi na ununuzi wa nyumba, wosia na mirathi, amana, hesabu za fedha za wateja, na makosa ya jinai. Maadili ya kazi huchanganywa humo mote. Sheria ya wakimbizi, ile iliyonifanya nitake kusoma, si somo la mtihani huo. Nilisikitika sana nilipogundua. Baadaye nikaelewa kwamba mwenye nyumba hakuulizi unataka kuketi chumba gani kabla hujapita mlangoni.

Sehemu ya pili ni ya vitendo. Kuna kazi 16, nazo 12 ni za kuandika na 4 ni za kusema. Mojawapo ni kumhoji mteja. Unapewa dakika 10 za kusoma, dakika 25 za kuzungumza na mtu anayeigiza kama mteja, halafu dakika 25 za kuandika yale mliyozungumza. Mimi nilipoingia chumba kile nilimkumbuka mama. Yule mteja aliposema neno la jamaa, niliuliza: nani alimzaa, nani anamlea, tangu lini, kuna karatasi gani? Jambo nililoshindwa nikiwa na miaka 12 ndilo lililonipatia alama.

Lakini msidhani nilipita moja kwa moja. Julai 2023 nilifanya sehemu ya kwanza. Karatasi ya kwanza nikafaulu, ya pili nikaanguka. Wakati huo watu wa hapa walikuwa wamekwisha kuniita avoka. Akina mama walikuwa wamenitumia kitenge cha pongezi. Nilikaa na siri ile miezi miwili. Nilipopigiwa simu nilisema matokeo hayajatoka. Naomba radhi mbele yenu leo, maana ule pia ulikuwa uongo, na aliyeapa kusema kweli hana budi kuanzia nyumbani.

Mtihani ule si wa mchezo. Ulipofanywa kwa mara ya kwanza, Novemba 2021, waliofaulu walikuwa asilimia 53. Maana yake karibu nusu ya watu walioufanya walirudi mikono mitupu. Mtu anaruhusiwa kujaribu mara tatu ndani ya miaka sita. Ukianguka karatasi moja, unairudia hiyo tu. Mimi nilirudia Januari 2024 nikafaulu, na mwaka 2025 jina langu likaandikwa katika orodha ya mawakili.

Kwa nini nilianguka? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikuwa nasoma bila kufanya maswali. Nilisoma kitabu tangu mwanzo hadi mwisho, nikapiga mistari ya rangi, nikafurahi. Kusoma kitabu cha kuogelea hakumfanyi mtu aogelee. Ya pili, nilikimbia yale niliyoyaogopa: hesabu za fedha za wateja, na ardhi. Ardhi ya kwetu tulionyeshwa na wazee, mpaka ni mti na mto. Kule kuna rehani, kuna pango la miaka 99, kuna mtu mwenye jina kwenye hati na mwingine mwenye faida.

Mara ya pili nilibadili. Nayasema haya yamfae mwanafunzi wa mtihani wowote, hata wa darasa la saba.

Kwanza, anza na somo unaloliogopa, asubuhi, kabla akili haijachoka.

Pili, uwe na daftari la makosa. Kila swali nililokosa niliandika mambo matatu: nilijibu nini, jibu sahihi ni lipi, na kwa nini nilidanganyika. Baada ya wiki nne niliona makosa yangu mengi yalikuwa ya aina moja: nilikuwa nasoma swali haraka na kuruka neno kama "isipokuwa" au "kabla". Neno moja tu. Nilipaswa kuwa nimejifunza hilo zamani.

Tatu, tafuta mfano wa nyumbani, halafu uulize mfano huo unakomea wapi. Somo la amana lilinishinda mpaka nilipomfikiria mjomba anayeshika mbuzi wa yatima. Mbuzi wako mkononi mwake, lakini si wake. Hapo nikaelewa. Kisha nikaona tofauti: kule yatima anaweza kumpeleka mjomba mahakamani atoe hesabu ya kila mbuzi.

Nne, someni kwa kikundi. Anayemweleza mwenziwe hujifunza mara mbili. Maswali ya mfano ya SQE hutolewa bure na mamlaka inayosimamia masolisita, kwenye intaneti. Msinunue kwa mtu.

Tano, pumzikeni. Nami nilijifunza hili kwa kuugua.

Kuhusu fedha lazima niseme wazi. Mwaka 2021 ada ya sehemu zote mbili ilikuwa pauni 3,980, na tangu hapo imepanda. Hiyo ni ada ya kuketi tu, mbali na vitabu na mafunzo. Kwa hiyo nasikia uchungu ninapopata barua ya kijana anayesema baba yake atauza mbuzi na bati za nyumba ili yeye afanye mtihani wa Uingereza. Mzee, usiuze bati. Kufaulu mtihani si viza. Karatasi ile haimvushi mtu mpaka wowote. Na anayekuja kwenu akisema ana nafasi ya mtihani pamoja na tiketi, huyo ni mwizi.

Je, nimekuja kuwakatisha tamaa? Hapana. Kwa kijana aliyeko hapa Uganda, mlango ulio karibu ni shahada ya sheria ya hapahapa, kisha mafunzo ya mawakili katika Law Development Centre, Kampala, chuo kilichoanzishwa mwaka 1970. Masharti yake kaulizeni kwenye ofisi yao wenyewe, msiulize barabarani. Tena kuna Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza mwaka 1999 kusaidia wakimbizi kwa mambo ya sheria. Kijana anayetaka kujua kazi hii ilivyo aanze kwa kujua kazi ya watu hao.

Kwa wazee wetu waliokuwa maavoka Goma au Bukavu, lipo neno la faraja. Mtu aliyekwisha kuwa wakili katika nchi yake, akifika Uingereza, hadaiwi ile miaka miwili ya kazi. Mtihani ataufanya, ila anaweza kusamehewa sehemu akithibitisha elimu yake. Tunzeni vyeti vyenu. Funga karatasi kwa nailoni, weka juu, mbali na mvua na mchwa.

Na kwa wale wanaoanza: miaka miwili ya kazi si lazima iwe katika ofisi kubwa yenye vioo. Inaweza kufanywa sehemu mpaka nne, hata kwa kujitolea katika ofisi ya kuwasaidia maskini, mradi solisita athibitishe. Mimi nilianza kwa kujaza fomu za wenye kodi za nyumba katika chumba chenye dirisha moja.

Ndugu zangu, namaliza. Watu wengi wameniuliza tangu juzi: sasa wewe ni wakili, utamchukua lini mdogo wako? Nimesoma sheria yote inayohusu jambo hilo. Kwa sheria ilivyo sasa, mtoto wa mjomba aliyekwisha kuwa mtu mzima hana njia ya kunifuata kwa sababu ya undugu tu. Nimemweleza hivyo mwenyewe, tukiwa wawili, usiku wa kuamkia jana. Hakulia. Aliniuliza, "Na wale watoto wengine ambao mahojiano yao bado?"

Kwa hiyo nimeiomba Kamati jambo moja, nayo imekubali. Kila Jumamosi, kijana huyo pamoja na walimu wawili watakaa chini ya mwembe wa shule na kila jamaa inayosubiri mahojiano, waiandike orodha ya watu wake kwa usahihi: nani alimzaa nani, nani anamlea nani, tangu mwaka gani. Hawatatoa ushauri wa sheria, hiyo si kazi yao. Wataandika ukweli tu, kabla mtoto wa miaka 12 hajalazimika kuutafsiri.